Kutengeneza biti kwa sauti za asili: mwongozo kamili kwa njia ya maprodyuza wa Japani

Katika "Letter", kazi ya prodyuza wa Kijapani Yosi Horikawa, mdundo unaanzia kwenye penseli. Ncha inakwaruza karatasi, inasita, inaendelea, na mikwaruzo hiyo hiyo inapangika taratibu hadi unajikuta unatikisa kichwa. Kwenye "Bubbles" kafanya vivyo hivyo kwa vitu vinavyodunda sakafuni. Tafuta hedifoni nzuri usikilize kazi hizo mbili kabla hujaendelea kusoma. Mengi nitakayoyaeleza yamo humo.

Nitapita hatua zote, kuanzia kurekodi mpaka kutoa wimbo, ila nitakaa zaidi kwenye kurekodi na kukata, maana huko ndiko kazi nyingi zinakoharibikia. Msimamo wangu nauweka mezani mapema: ukiondoa sauti ya asili na wimbo ukabaki umesimama vilevile, hukufanya muziki huu. Umefanya biti ya kawaida ukaimwagia mvua juu.

Ulikotoka muziki wenyewe

Miaka ya 1980 kampuni za Japani zilikuwa na fedha na zilikuwa tayari kuwalipa wanamuziki watengeneze muziki wa majengo na bidhaa. Haruomi Hosono alitengeneza muziki wa kupigwa kwenye maduka ya Muji. Hiroshi Yoshimura alitoa "Surround" mwaka 1986 kwa ajili ya nyumba za kampuni ya Misawa. Mwaka uliofuata Takashi Kokubo akatoa "Get at the Wave", albamu iliyofungamanishwa na viyoyozi vya Sanyo. Ndiyo, viyoyozi. Kokubo huyu alijiundia maikrofoni yenye umbo la kichwa cha mtu, akawa anazunguka nayo kunasa mawimbi, misitu na ndege, ili msikilizaji mwenye hedifoni ajione kasimama pale pale.

Upande wa mashine, kampuni ya Roland ilikuwa imeshatoa mashine ya ngoma TR-808 mwaka 1980. Kwa hiyo malighafi zote mbili, msitu na mashine ya ngoma, zilikuwa nyumba moja muda mrefu kabla kompyuta za studio hazijawa nafuu. Waliokuja baadaye walifanya kazi chini kwa chini, kwenye lebo ndogo na kumbi ndogo. Susumu Yokota alitoa albamu zake tulivu kupitia lebo yake mwenyewe, Skintone, ikiwemo "Sakura". Rei Harakami wa Kyoto alijenga karibu ulimwengu wake wote ndani ya moduli moja ya Roland, SC-88Pro, kifaa cha kawaida kabisa cha muziki wa kompyuta za nyumbani. Siku hizi yupo Meitei wa Hiroshima, ambaye albamu yake "Komachi" ya mwaka 2019 imejaa maji na mikwaruzo ya kitu kilichozeeka.

Tena wapo wasikilizaji wa kuupokea. Mwaka 1996 idara ya mazingira ya serikali ya Japani ilichagua sauti 100 za kuhifadhiwa nchini, kutoka mapendekezo zaidi ya 700 ya wananchi na mamlaka za mitaa. Humo mna barafu inayoelea ya bahari ya Okhotsk, nyenje wa hekalu la Yamadera, na kengele ya saa ya mji wa Kawagoe. Serikali inayoorodhesha nyenje ina wananchi waliozoea kutega sikio.

Hatua ya 1: Sikiliza kwa kazi maalumu

Chukua albamu ya Yoshimura iitwayo "Green", ya mwaka 1986. Ipo katika sura mbili: ile ya Japani ambayo ni vinanda vitupu, na ile iliyotolewa Marekani ambayo imeongezewa maji na ndege juu ya muziki uliokwisha kamilika. Zisikilize zote mbili mfululizo. Binafsi naona ile ya Japani inapumua zaidi, kwa sababu muziki wenyewe ulishaacha nafasi, na ndege waliokuja baadaye wameijaza nafasi ile.

Kisha nenda kwa mtunzi Ryuichi Sakamoto. Kwenye "Out of Noise" ya mwaka 2009 alitumia sauti za maji ya Aktiki alizozinasa kwa kushusha maikrofoni ya majini chini ya barafu. Kwenye "async" ya 2017 akapiga piano iliyozama katika tsunami ya mwaka 2011, bila kuirekebisha nyuzi zake. Ukisikiliza, jiulize swali moja kwa kila wimbo: nani anaongoza hapa, chombo au sauti iliyookotwa? Andika jibu na dakika uliyolisikia. Daftari hilo litakusaidia kuliko video kumi za mafunzo.

Hatua ya 2: Vifaa

Simu inatosha kuanzia, lakini si kwa programu ya ujumbe wa sauti. Programu za kuongea zimetengenezwa kwa ajili ya maneno na hukata kisichofanana na maneno. Wajapani wana mfano mzuri: mdudu aitwaye suzumushi, anayefugwa kwenye vizimba kwa ajili ya mlio wake, hulia kwenye masafa yanayozidi 4,000 Hz, ilhali simu za kawaida za mezani hupitisha takriban 300 hadi 3,400 Hz. Ukimpigia rafiki simu asikie mdudu wako, yeye hasikii kitu. Pakua programu ya kurekodi inayohifadhi faili la WAV, weka 48 kHz na bit 24, na kama kuna kitufe cha kupandisha na kushusha sauti yenyewe bila kuulizwa, kizime.

Ukiwa na fedha kidogo, nunua kinasa sauti cha mkononi. Zoom na Tascam zote ni chapa za Japani na mashine zao ndogo zinapatikana hata zilizotumika. Muhimu kuliko jina ni kinga ya upepo, lile koti la manyoya. Upepo ukishaingia kwenye rekodi hautoki; hakuna programu itakayokuokoa.

Hedifoni ziwe za waya. Zisizo na waya huchelewesha sauti, na utapanga midundo yako mahali pasipo pake bila kujua kwa nini inayumba.

Kifaa cha tatu ni cha bei ya chai: kisahani cha piezo, kile kidude bapa cha rangi ya shaba kinachokaa ndani ya kengele za mlango na saa za kengele. Mwombe fundi redio akiunganishe na waya wenye kichwa cha kuingia kwenye kinasa chako. Kibandike kwenye bomba, uzio wa waya, shina la mti au dirisha. Hakisikii hewa, kinasikia mtetemo. Msanii wa Kijapani Toshiya Tsunoda amejenga kazi yake ya miaka mingi juu ya jambo hili, akinasa mitetemo ndani ya mabomba na chupa na kwenye nyuso za vitu katika rasi ya Miura, kusini mwa Tokyo. Uzio unaotetemeshwa na upepo hutoa besi ambayo sintesaiza, kile kinanda cha umeme kinachounda sauti, haikupi.

Hatua ya 3: Kurekodi

Toka alfajiri. Magari ni machache, ndege ni wengi, na upepo mara nyingi umetulia. Jioni ndiyo chaguo la pili.

Ukifika, usibonyeze kitu. Simama mpaka masikio yazoee, kisha tafuta sauti moja, siyo mandhari nzima. "Msitu" haurekodiki, kinachorekodika ni tone linaloangukia jani fulani. Sogea. Mvua yenyewe haina sauti mpaka ipige kitu, kwa hiyo uamuzi wako wa kwanza ni kile kinachopigwa: bati, sufuria, jani la mgomba, mwavuli, mchanga. Kila kimoja ni chombo tofauti.

Kila sauti irekodi kwa umbali wa aina tatu: karibu kabisa, hatua mbili nyuma, na mbali. Ya karibu itakuwa ngoma yako. Ya kati itakuwa mwili wa wimbo. Ya mbali itakuwa chumba ambamo vingine vinakaa. Mpangilio huu peke yake utakupunguzia nusu ya kazi ya kumiksi, kwa kuwa kina cha wimbo utakuwa umekipata kule kule nje, bila kukitafuta baadaye kwa riverbu, ule mwangwi wa kutengenezwa.

Kiwango cha sauti kisizidi -12 dB kwenye vilele. Ukiona taa nyekundu, umeshachelewa. Weka kinasa juu ya jiwe au kitambaa badala ya kukishika, maana vidole huunguruma. Acha irekodi dakika nne au tano bila kugusa. Sauti nzuri huja pale unapotaka kuondoka. Mwanzoni mwa kila rekodi taja kwa mdomo mahali, saa na kitu unachorekodi, na baadaye upe faili jina lenye maelezo hayo hayo. Faili lenye jina la tarakimu tupu utalikuta mwaka ujao hulijui.

Sauti za watu ni habari nyingine. Mazungumzo yaliyonaswa kwa bahati mbaya yakate, au umwombe ruhusa mwenyewe.

Hatua ya 4: Kusafisha, lakini kidogo

Fungua faili kwenye programu ya kuhariri sauti: Audacity, ambayo ni ya bure, au Reaper. Kata masafa ya chini ya 80 Hz kwenye kila sauti isiyokusudiwa kuwa besi. Humo hamna kitu isipokuwa mngurumo wa barabara. Basi. Ile programu ya kuondoa kelele itumie kwa kubania sana, kwa sababu ikizidishwa inaacha mlio wa maji-maji kama wa roboti, na sauti inapoteza mahali ilikotoka. Kelele kidogo ya hewa ndiyo inayomwambia msikilizaji kwamba hapa ni nje.

Hatua ya 5: Kukata na kujenga seti ya ngoma

Hapa ndipo utamu ulipo. Tazama mchoro wa wimbi la sauti utafute vilele vikali: tone, tawi linalovunjika, jiwe juu ya jiwe, mlango. Kata kila kimoja kianze pale hasa kilele kinapopanda, na mwishoni weka mteremko mfupi wa milisekunde tatu hadi tano ili pasiwe na "tk" ya kukatwa.

Kiki, ile ngoma ya chini, chukua kitu kizito. Jiwe lililodondoka kwenye udongo au kisahani cha piezo kwenye gogo. Lipunguze kasi liende nusu. Litashuka oktava moja. Nusu tena, oktava ya pili. Likiwa bado halina uzito, weka chini yake wimbi laini la sintesaiza la 50 Hz linalokufa ndani ya robo sekunde. Hapo dijitali na asili vinakuwa pigo moja, na msikilizaji hajui kimoja kinaishia wapi.

Sneya, ile ngoma ya mlio mkali, hutoka kwenye vitu vinavyovunjika: kijiti kikavu, ganda la yai, karatasi ngumu. Weka viwili pamoja, kimoja kikichelewa milisekunde kumi. Hai-hati, yale matoazi madogo, ni mchanga, majani makavu, mchele unaodondokea sahani. Usitumie punje moja ya sauti ukairudia mara mia. Kata kumi na mbili zinazofanana lakini si zile zile, uzipange zizunguke. Sikio la binadamu linajua upesi kwamba tone moja limenakiliwa. Tofauti hizi ndogo ndizo zinazoufanya mdundo wa Horikawa uonekane una mwili.

Wenye simu peke yake watumie programu ya Koala Sampler: unabonyeza, inarekodi, unapiga kwa kidole. Inatosha kabisa kumaliza wimbo.

Hatua ya 6: Kasi inatoka kwenye rekodi

Usifungue programu ukaandika 120. Chukua rekodi yenye mrindimo wake wenyewe, mathalani matone ya paa baada ya mvua kukatika. Pima nafasi kati ya matone. Likidondoka kila baada ya sekunde 0.7 hivi, gawa 60 kwa 0.7: unapata takriban 86. Hiyo ndiyo kasi ya wimbo wako, mapigo 86 kwa dakika.

Matone hayatakaa sawasawa kwenye mistari ya programu, na ndivyo inavyotakiwa. Acha rekodi ndefu ibaki ilivyo, kisha sogeza ngoma chache ziifuate: kiki ikae kwenye mstari, hai-hati zifuate maji. Mvutano kati ya kile kinachokaa sawa na kile kinachokataa kukaa sawa ndio mdundo wenyewe. Ukivinyoosha vyote, umeua.

Hatua ya 7: Noti

Sauti nyingi za nje zina noti ndani yake. Chura ana noti. Chupa inayopulizwa na upepo ina noti. Bustani za zamani za Japani huwa na suikinkutsu: mtungi uliofukiwa ukiwa umepinduliwa, wenye tundu juu, maji yanadondokea ndani kwenye kidimbwi kidogo na mtungi unalia kama kengele. Unaweza kuunda wako kwa chungu au ndoo ya chuma, bila hata kuchimba.

Tafuta noti ya sauti yako kwa programu ya kutyuni gitaa, halafu tyuni sintesaiza iifuate. Siyo kinyume. Ikiwa chungu chako kinalia katikati ya noti mbili, peleka vinanda vyote katikati ya noti hizo mbili. Hakuna sheria inayokukataza.

Kwa melodi, watu hukimbilia ngazi ya sauti tano ya Kijapani: D, E bemoli, G, A, B bemoli. Ni nzuri, lakini ukiiweka kwenye kinanda chenye sauti ya koto ya kompyuta utapata muziki wa matangazo ya mgahawa. Maprodyuza wenyewe wa Japani niliowataja hawaitegemei hiyo. Noti mbili au tatu zinazorudi kwa kuchelewa zinatosha.

Hatua ya 8: Kugawana nafasi

Nyenje, majani na mvua ya mbali hukaa juu, kati ya 4 na 8 kHz hivi. Hai-hati nazo hukaa huko huko. Chagua mmoja. Kama nyenje wanalia, ondoa hai-hati kabisa, nyenje ndio hai-hati. Kama unazihitaji zote, punguza nyenje kwa ekwalaiza desibeli nne katika masafa ambayo hai-hati inang'aa, na uwasogeze kushoto.

Tumia riverbu moja tu kwa wimbo mzima, uipeleke kwa kiasi tofauti kwa kila chombo. Afadhali iwe ya mahali ulipopata sauti: rekodi kofi moja pale pale, ulitumie kwenye riverbu inayokubali kupakiwa rekodi yako ili iige mwangwi wa pale. Kisha unganisha kompresa, kile kifaa cha kushusha sauti iliyozidi, ili rekodi ya nje ishuke kidogo kila kiki ikipiga, desibeli mbili au tatu. Ikizidi hapo, msitu utaanza kupumua kama muziki wa disko. Wapo wanaopenda hivyo.

Hatua ya 9: Kupanga na kumiksi

Anza na rekodi ghafi kwa sekunde ishirini, bila pambo. Leta pigo la kwanza mahali ambapo tone tayari lilikuwa linadondoka, ili ngoma ionekane imezaliwa humo. Katikati ya wimbo nyamazisha mashine zote kwa mizunguko minne, mvua ibaki. Mashine zikirudi, zirudi pungufu ya chombo kimoja. Mengine pangeni mnavyojua, mimi siamini katika ramani za nyimbo.

Mwisho wa miksi acha kilele kisipite -1 dB, na sauti ya jumla iwe karibu na -16 LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti ya wimbo mzima. Ukiibana zaidi, kelele ya hewa itapanda kuwa ukuta. Sikiliza kwenye spika ya simu: kiki ikipotea kabisa, iongezee mkwaruzo kidogo wa juu, kijiti au kokoto, ili hata pasipo na besi pigo lijulikane lipo.

Hatua ya 10: Kutoa

Sauti ulizorekodi mwenyewe ni zako. Ukiongeza za wengine kutoka Freesound, tovuti ya kugawana sauti, soma leseni ya kila faili: zipo zilizo huru kabisa, zipo zinazodai umtaje mwenyewe, na zipo zinazokataza biashara. Usichanganye.

Pa kuweka ni Bandcamp, tovuti ya kuuza muziki, kwa sababu mashabiki wa muziki huu ndiko wanakonunua, na kuna nafasi ya kuandika maelezo. Andika mahali, mwezi, saa na kitu kilichopiga kila ngoma. Wasikilizaji hawa husoma. Njia kati ya chini kwa chini ya Japani na Afrika Mashariki nayo imeshafunguliwa: Shigeru Ishihara, Mjapani ajulikanaye kama Scotch Rolex, alifanya kazi Kampala na wasanii wa Nyege Nyege, kundi la huko lenye tamasha na lebo za muziki, na mwaka 2021 lebo ya huko ya Hakuna Kulala ikatoa "Tewari", albamu ambamo rapa MC Yallah anachana. Ni muziki wa fujo, mbali na suikinkutsu, lakini unaweza kujaribu kuituma kazi yako kwa lebo kama hiyo.

Ukituma, tuma nyimbo mbili, kiungo kimoja, na maelezo ya mistari mitatu. Rekodi ghafi ziweke kwenye diski ya pili na usizifute hata wimbo ukishatoka.